Barua ya wazi kwa wanaosaini: kabla hamjanunua antivirusi nyingine

Kwenu wakurugenzi, mameneja, wakuu wa idara na wahasibu wakuu. Kwenu nyote ambao bila sahihi zenu kompyuta hainunuliwi wala haitupwi.

YAH: KINGA YA ZIADA DHIDI YA PROGRAMU HASIDI KWENYE KOMPYUTA ZA MEZANI

Ndugu wakuu,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Swali hili hunijia kila mwaka, na kila mwaka hunikuta mlangoni. Mkuu ana karatasi ya muuzaji mkononi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, ananiuliza: "Fundi, hii antivirusi tununue tena au tuache?" Anataka neno moja. Nikisema "tununue," anasaini na kwenda zake. Nikisema "tuache," ananitazama kama mlinzi anayeomba lango liachwe wazi usiku kucha. Kwa miaka mingi nimejibu "tununue," kwa sababu jibu hilo halimponzi mtu: likitokea la kutokea, risiti ipo kwenye faili. Leo naandika jibu nililopaswa kulitoa tangu mwanzo.

Jibu lenyewe ni hili. Kompyuta ya mezani yenye Windows ya kisasa tayari ina antivirusi ndani yake, na ni nzuri. Kwa ofisi nyingi, kinachokosekana si antivirusi ya pili. Yanakosekana mambo kadhaa ambayo hayauzwi kwenye boksi, na baadhi yake yanawagusa ninyi wenyewe mnaosaini. Ndiyo maana mafundi huwa hatuyasemi mkutanoni.

Niwapeleke kwenye meza moja. Ofisi siitaji. Niliitwa asubuhi, nikamkuta karani wa hesabu amesimama pembeni ya kiti chake, hataki hata kukikalia. Kwenye skrini, kila faili la Excel lilikuwa limeongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa jina, ikoni zimebaki nyeupe tupu, na katikati yake kuna faili moja jipya la maandishi linaloeleza fidia ipelekwe wapi na ndani ya muda gani. Chini kulia, karibu na saa, palikuwa na ngao tatu, yaani alama za antivirusi tatu. Ya kwanza ni ya Windows yenyewe, imekaa kando. Ya pili ilikuja na kompyuta ikiwa ya majaribio, muda wake uliisha zamani, na kazi iliyobaki nayo ni kukumbusha kwamba umeisha. Ya tatu ililipiwa, leseni halali, rangi ya kijani.

Nikaanza kufukua. Kwenye folda ya vipakuliwa nikakuta programu ya kuhariri PDF, ile ya kulipia, pamoja na kraki yake, yaani kiprogramu cha kuitumia bila kulipia, na faili la maelekezo. Mstari wa kwanza wa maelekezo ulisema: zima antivirusi kwanza. Naye akaizima kwa dakika kumi. Dakika kumi zilipopita ikajiwasha yenyewe, ikarudi kijani, na ndivyo nilivyoikuta, imetulia kama haikuona kitu.

Yule karani si mjinga. Alikuwa ameiomba programu hiyo kwa maandishi mara mbili, ombi halikujibiwa, na mkuu wake alitaka ripoti zote ziunganishwe kabla ya saa nane. Akaunti aliyoitumia kila siku ilikuwa na mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo mfumo ulimuuliza swali moja tu, ndiyo au hapana, naye akabonyeza ndiyo kama tunavyobonyeza sote. Nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya mafaili, nayo ilikuwepo, tena kwenye diski ya nje. Lakini diski hiyo ilichomekwa nyuma ya kompyuta siku ilipotolewa kwenye boksi na haikuwahi kuchomolewa. Mtekaji, yaani programu hasidi inayofunga mafaili ili idai fidia, aliifunga pia, faili moja baada ya jingine, huku taa yake ndogo ikipepesa.

Nimewasimulia haya kwa sababu kwenye taarifa rasmi iliandikwa kwamba "antivirusi ilishindwa kuzuia shambulio," na pendekezo la kwanza likawa kununua iliyo ghali zaidi.

Tuelewane kwanza antivirusi inafanya nini, maana wauzaji huielezea kama ukuta. Mimi naiona kama askari wa getini mwenye daftari la picha za wahalifu: kila faili linalopita analilinganisha na picha zake. Hapo mwanzo hiyo ilitosha. Brain, kirusi cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM PC mwaka 1986, kilitengenezwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, na kilisafiri kwenye diski laini, mkono kwa mkono. Waliandika ndani yake majina yao na anwani yao. Mhalifu wa namna hiyo unampiga picha moja na kazi imekwisha. Programu hasidi za leo hubadilishwa sura kwa mashine kila zinapotumwa, kwa hiyo picha ya jana haimtambui aliyekuja asubuhi hii. Antivirusi nazo zimejifunza. Siku hizi huchunguza pia mwenendo wa programu, na huuliza seva za mbali papo hapo kama kuna aliyewahi kuliona faili hili. Zimekuwa bora kuliko zamani, nalisema bila kinyongo. Lakini askari atafanya nini pale mwenye nyumba mwenyewe anapomwambia, "Mpishe huyo, ni mgeni wangu"?

Ushauri wa kununua haukuwa wa uongo enzi zake. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuja bila antivirusi yoyote, na mwaka 2003, wakati mdudu aitwaye Blaster alipokuwa akizunguka mtandaoni, ungeweza kuunganisha kompyuta mpya kwenye intaneti ikaambukizwa kabla hujamaliza kupakua sasisho la kuikinga. Wakati ule asiyenunua alikuwa anajitafutia balaa. Kisha mwaka 2009 Microsoft wakatoa antivirusi yao, Security Essentials, bure, na kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 kinga yao, Defender, ikawekwa ndani ya mfumo wenyewe. Miaka ya mwanzo ilikuwa dhaifu na mafundi tuliicheka. Hatuicheki tena. Maabara zinazopima antivirusi, kama AV-TEST ya Ujerumani, huipa mara kwa mara alama zilezile wanazopata washindani wake wa kulipia.

Kuna jambo ambalo muuzaji hatawaambia. Ukisakinisha antivirusi ya kampuni nyingine, Defender hujiweka kando, kwa sababu askari wawili wanaokagua faili moja kwa wakati mmoja hugombana na kompyuta hubaki ikihema. Ikikaa kando, inaondoka na vifaa vyake. Kimojawapo ni kile kinachozuia programu zisizojulikana kugusa mafolda ya nyaraka, yaani kinga iliyotengenezwa mahususi dhidi ya watekaji wa mafaili. Kifaa hicho huja kikiwa kimezimwa. Inabidi mtu aingie kwenye mipangilio akiwashe. Nimeingia kwenye ofisi nyingi zilizolipia kinga ya ziada, na sijakuta hata moja iliyowahi kuwasha hiki ambacho tayari ni chao.

Halafu askari mwenyewe ana hatari zake. Ili aweze kukagua kila kitu, antivirusi hupewa funguo za vyumba vyote, hadi kwenye kiini cha mfumo. Akikosea, nyumba nzima inalala. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho moja la antivirusi ya McAfee liliamua kwamba svchost.exe, faili la halali ambalo Windows haiwezi kuishi bila hilo, ni kirusi, na kompyuta za Windows XP zikaanza kujizima na kujiwasha mfululizo. Mwaka 2016 Tavis Ormandy, mtafiti wa usalama wa Google, alionyesha kwamba antivirusi za Symantec na Norton zilikuwa na dosari ambazo mshambuliaji angeweza kuzitumia kwa kukutumia tu barua pepe. Huhitaji hata kuifungua, kwa kuwa antivirusi yenyewe ndiyo ingeifungua ili kuikagua. Avast, watengenezaji wengine wa antivirusi, nao, kupitia kampuni yao tanzu ya Jumpshot, walikuwa wakiuza kumbukumbu za tovuti ambazo wateja wao walizitembelea. Habari hiyo ilifichuka mwaka 2020, na mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani ikawaamuru walipe dola milioni 16.5. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hawakuwahi kuona kompyuta.

Kubwa kuliko yote mnaikumbuka. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya kinga za kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft. Ndege hazikuruka, hospitali ziliahirisha miadi. Hapakuwa na mshambuliaji. Ilikuwa kinga tu, tena ya gharama kubwa, na dawa yake ilikuwa fundi kwenda kwenye mashine moja moja, kuiwasha kwa hali ya usalama na kufuta faili moja kwa mkono. Wenzangu waliopitia siku hiyo bado wakisikia neno "sasisho la dharura" wanashika kichwa.

Msinielewe kwamba nasema kinga ni balaa. Nasema kila programu mnayoongeza ni mlango mwingine, na mlango unataka sababu.

Wezi wenyewe, basi, wanaingilia wapi?

Mara nyingi wanaingilia kwenye tundu ambalo dawa yake ilishatolewa. WannaCry, mtekaji wa mafaili, ilianza kusambaa tarehe 12 Mei 2017, ikagusa kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikavuruga hospitali za Uingereza, ikidai dola 300 kwa sarafu ya mtandaoni ya bitcoin kwa kila mashine. Microsoft walikuwa wametoa sasisho la kuziba tundu hilo tarehe 14 Machi. Karibu miezi miwili! Aliyeruhusu kompyuta yake ijisasishe hakuhitaji antivirusi ya ziada kujikinga na tundu lile; aliyebonyeza "nikumbushe baadaye" kwa miezi miwili aliikuta skrini nyekundu. Msidhani ni ugonjwa wa Windows peke yake. Mwaka 2012, wakati watu bado waliapa kwamba Mac, kompyuta za Apple, hazishikwi na virusi, programu hasidi ya Flashback iliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000 kupitia tundu la Java ambalo Oracle, wenye Java, walikuwa wameliziba mwezi Februari, lakini sasisho la Apple likaja Aprili. Mac ina kinga yake ya ndani, Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, ina desturi zake, na zote zinashambuliwa. Tofauti ni kiasi tu.

Kwa hiyo nikiwaomba muda wa kusasisha, msinipe saa ya chakula cha mchana. Microsoft hutoa masasisho yake kila Jumanne ya pili ya mwezi. Tarehe inajulikana mwaka mzima kabla. Wekeni kwenye kalenda ya ofisi kama mnavyoweka kikao, watu wajue kwamba jioni hiyo kompyuta zinaachwa ziwake na zitajizima na kujiwasha zenyewe. Kuhusu zile zenye Windows 10, masasisho yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama bado mnazo, na muda wa nyongeza hamkuujisajilia, fedha ya antivirusi ihamieni huko. Antivirusi juu ya mfumo usiosasishwa tena ni kufuli jipya kwenye mlango uliooza, na kitasa kitang'oka na ubao wake.

Pengine wanaingilia kwenye jicho la mtu. Mwezi Mei 2000, ILOVEYOU, programu hasidi ya barua pepe, ilizunguka dunia kutokea Ufilipino kwa sababu watu waliona kiambatisho kinachoishia na TXT. Jina kamili lilikuwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Zile herufi tatu za mwisho, ambazo ndizo zinazosema kama hii ni barua au ni programu, Windows ilizificha ili skrini ipendeze. Zaidi ya miaka 25 baadaye, Windows mpya kabisa bado inazificha mpaka uiambie usifiche. Hadi leo naletewa "Ankara.pdf" ambayo kwa kweli ni "Ankara.pdf.exe," ina ikoni nyekundu ya PDF kama ya halali, na aliyeibonyeza analia kwamba alidhani ni ankara. Alidhani sawa, mfumo ndio uliomdanganya. Kuwasha viendelezi vya majina ya mafaili ni tiki moja katika menyu. Nimewahi kuiweka tiki hiyo kwenye kompyuta zote za ofisi kwa siku moja, kisha nikaombwa na mkuu niiondoe kwake kwa sababu "majina yamekuwa marefu."

Nimefika kwenu sasa, naomba mnivumilie.

Mashine hatari kuliko zote ofisini, kwa uzoefu wangu, ni ya mkuu. Mpokea wageni hana mamlaka ya msimamizi, mkuu anayo, kwa kuwa hapendi kuulizwa nywila. Masasisho ya wengine yanakwenda, ya mkuu yamesitishwa tangu siku kompyuta ilipojizima katikati ya kikao cha mtandaoni. Wengine wanathibitisha kuingia kwa msimbo wa simu, mkuu alisema "mimi usiniwekee hayo mambo." Nywila yake anayo katibu, anayo dereva, na imebandikwa chini ya kibodi kwa karatasi ya njano. Na barua pepe ya mkuu ndiyo wezi wanayoitaka kuliko zote, kwa sababu barua kutoka kwake inayosema "lipa leo" hailetewi maswali.

Wezi wa siku hizi wala hawahitaji kukaa. Kuna aina ya programu hasidi inayoingia, inakomba nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vya kuingilia, yaani vifaili vinavyoikumbusha tovuti kwamba umeshaingia, inazituma kwa mwenyewe na kutoweka kabla hata chai haijapoa. Antivirusi ikiamka, inakuta meza safi. Dhidi ya hiyo, msimbo wa pili wa kuingilia unasaidia kwa nywila zilizoibwa, ingawa si kwa vidakuzi, na zaidi ya hapo ni kutohifadhi nywila ya benki kwenye kivinjari cha kompyuta inayotumiwa na watu watano.

Ombi langu hapa ni dogo na linauma. Kila mtu, kuanzia kwa mkurugenzi, atumie akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha. Akaunti ya msimamizi iwepo, iwe na nywila yake, itumike pale tu inapohitajika. Mtu akihitaji programu, aiombe, na ombi lijibiwe siku hiyohiyo au kesho yake. Kile kipande cha mwisho msikiruke. Ukimfungia karani mlango bila kumpa alichohitaji, atapitia dirishani kwa flashi ya rafiki yake, na flashi ile tunaijua: ukiichomeka mafolda yote yamegeuka njia mkato, ukibonyeza moja linafunguka kama kawaida, na nyuma yake kitu kimejinakili kwenye mashine yako.

Kuhusu nakala rudufu ningeweza kuandika barua nyingine, lakini nitasimulia kisa kimoja. Tarehe 27 Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya iliingia duniani kupitia sasisho la M.E.Doc, programu ya hesabu za kodi inayotumika Ukraine. Angalieni hapo: ilikuja kama sasisho halali la programu halali, kwa hiyo getini ilipita kichwa juu. Kampuni ya meli ya Maersk ilipigwa vibaya. Walisakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku kumi. Ila kulikuwa na kitu kimoja wasichoweza kukisakinisha upya: zile seva zinazohifadhi ramani ya nani ni nani kwenye mtandao wao. Walikuwa nazo takriban 150 duniani kote, kila moja ikiwa nakala ya nyenzake, wakaona inatosha. Karibu zote zilifutwa pamoja. Ilisalia moja tu, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na seva ikawa haiko mtandaoni. Intaneti ya pale ilikuwa na kasi ndogo mno kusafirisha data zile, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo diski ilisafirishwa na mtu kwa ndege hadi Nigeria, ikakabidhiwa mwingine uwanjani, akaipeleka Uingereza. Kampuni kubwa kiasi kile iliokolewa na kukatika kwa umeme.

Nakala iliyounganishwa muda wote inakufa pamoja na ile ya kwanza. Ndicho kilichompata karani wangu kwa diski moja, ndicho kilichowapata Maersk kwa seva 150. Nunueni diski mbili. Moja ikiwa inaandikwa, nyingine iwe kabatini, imechomolewa, ikiwezekana kwenye jengo jingine, na zibadilishane kila wiki. Mwenye uwezo aongeze nakala ya mbali yenye matoleo ya nyuma, ili hata faili lililoharibiwa likipanda, la jana yake libaki. Kwenye bajeti hii ni kidogo kuliko leseni za antivirusi za mwaka mmoja kwa ofisi ya ukubwa wa kawaida, lakini haina muuzaji wa kuwapigia simu kila Desemba.

Wapo wanaohitaji kinga ya ziada, nami sitawanyima. Ofisi yenye mashine mia na mafundi wawili inahitaji mfumo unaokusanya taarifa za mashine zote mahali pamoja, unaoweza kuitenga moja kwenye mtandao ikianza vituko. Hospitali, benki, mitambo ya maji na umeme, wanaoshika siri za watu: hao ndiyo, tena bila mjadala. Mwenye mashine ya zamani inayoendesha kifaa ambacho hakikubali mfumo mpya, aiondoe kwenye intaneti kwanza, kisha tuongee. Ila mkinunua mfumo wa namna hiyo, nunueni na mtu wa kuusoma. Nimeona ofisi yenye kinga ya daraja la juu kabisa ambayo ilikuwa imetuma onyo la kweli, lenye jina la mashine na saa, siku nne kabla ya mafaili kufungwa. Onyo lilikwenda kwenye anwani ya barua pepe ya fundi aliyeacha kazi.

Kwa hiyo mkuu aliyesimama mlangoni na karatasi yake, jibu langu ni: subiri. Usisaini leo. Kwanza fanya jaribio moja, halihitaji utaalamu wowote. Chagua faili la mwezi uliopita ambalo unalijua, linakili kwenye flashi yako uwe na uhakika, kisha mwite fundi wako, lifute kwenye kompyuta mbele ya macho yake na umwambie alirudishe kutoka kwenye nakala. Usimwonye mapema. Shika saa. Akirudi baada ya robo saa na faili lako, endeleeni kuzungumza habari za antivirusi kwa nafasi. Akianza kujikuna kichwa, usimfokee. Muulize ni lini mara ya mwisho aliomba diski, na ni nani hakusaini.

Wenu,
Fundi wa kompyuta